Fumo Liyongo: Shaba ilimtoa gerezani, shaba ikamuua

Kama wewe ni mtu wa dramu, iwe unapigia kwaya kanisani huko Wenje ama bendi ya mtaani Nairobi, unajua chombo kinacholeta kesi na majirani. Si ile ngoma kubwa ya mguuni. Hiyo unaweza kuijaza blanketi ikatulia. Shida ni matoazi, zile sahani za shaba zinazoning'inia kando. Ukiligusa toazi moja tu saa nne usiku, ploti nzima inajua uko nyumbani.

Sasa hebu nikupe habari ya jamaa mmoja wa huku Tana aliyegeuza kelele hiyo ikawa ufunguo wa gereza. Hakuwa na wakili, hakuwa na pesa za kuhonga askari, na mwili wake ulikuwa kwenye minyororo. Alichobaki nacho ni sikio la mwanamuziki. Jina lake unalijua: Fumo Liyongo.

Najua unachowaza. Si ndiye yule jitu wa kitabu cha fasihi? Ndiye. Ila shuleni wengi hukaririshwa misuli yake kwa ajili ya mtihani, halafu muziki wake unapitwa mbio mbio. Ukiyafuata maisha yake kwa sikio la mpiga ngoma, utaona kitu kingine kabisa. Nguvu zilimletea maadui. Muziki ndio uliomtoa mikononi mwao. Na shaba ileile iliyomsaidia ndiyo iliyorudi kummaliza.

Mtu wa mwisho wa mto

Simama ukingoni Wenje utazame maji. Yametoka Mlima Kenya na Aberdare, yamepita Garissa na Hola, na yakitoka kwako yanashuka Garsen hadi yanamwagika baharini Kipini. Pale mwisho, sehemu za Ozi na Kipini, ndipo simulizi zinapomweka Liyongo. Mji wake unatajwa kuwa Shaka, na wengine husema Shanga. Fumo si jina la kuzaliwa bali ni cheo, kama vile ungesema mfalme au chifu mkuu.

Aliishi lini? Wataalamu wanabishana hadi leo. Wapo wanaomweka kabla ya mwaka 1200, wapo wanaomsogeza hadi miaka ya 1600. Kwa karne nyingi habari zake zilipita kwa mdomo, kwenye tumbuizo za harusi na kwenye ngoma. Askofu Edward Steere alichapisha masimulizi yake katika mkusanyo wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Kisha mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akatunga utenzi ambao ndio chanzo cha mengi tunayoyajua. Kijumwa mwenyewe alikuwa mwanamuziki, mchonga mbao na bingwa wa hati. Ndiyo maana hakusahau kutaja vyombo.

Kwa hiyo usitarajie cheti cha kuzaliwa. Haya ni maisha ya mtu kama Pwani ilivyoamua kuyakumbuka, na Pwani haikumbuki mtu bure kwa muda wote huo.

Liyongo alikuwa mrefu kupita kawaida, mpiga upinde asiyekosea, na mshairi. Mashairi mengi ya kale ya gungu, ile ngoma ya harusi ya waungwana, huhesabiwa kuwa yake. Yaani mchukue mwanariadha bora wa kaunti, umwongezee kipaji cha msanii anayejaza ukumbi, halafu umpe haki ya kudai kiti cha enzi. Mtu kama huyo lazima amnyime mtu usingizi.

Aliyenyimwa usingizi ni mtawala wa Pate, ambaye masimulizi mengi humtaja kwa jina la Daudi Mringwari na kumfanya ndugu wa Liyongo. Wengine husema ugomvi ulianzia kwenye urithi: je, utawala ufuate upande wa mama kama ilivyokuwa zamani, au upande wa baba? Mringwari akapata kiti. Liyongo akapata mapenzi ya watu. Ukijua siasa zetu, unajua nani kati ya hao wawili alianza kumwogopa mwenzake.

Majirani zako wote wamo

Kinachofanya hadithi hii iwe yenu nyinyi wa Tana River, si ya Lamu peke yake, ni hiki: karibu kila jamii unayosoma nayo darasani imo ndani.

Wamo Waorma. Katika utenzi wanaitwa Wagala, jina la zamani ambalo leo halipendezi. Walifika Pate wakasikia sifa za Liyongo, wakataka kumwona kwa macho yao. Akaitwa. Safari ya siku nne, inasimuliwa, aliikata kwa siku moja. Alipofika akapuliza pembe kwa nguvu hadi zikapasuka, na wageni wakaanguka kwa hofu. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, kama mtu anayetoa simu na chaja mfukoni. Wale wageni hawakuhitaji ushawishi zaidi. Wakamwozesha binti yao ili wapate mbegu ya shujaa, na akazaliwa mtoto wa kiume. Mshike huyu mtoto akilini, atarudi.

Wamo Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni waliojua mishale kuliko mtu yeyote. Mtawala wa Pate aliwaahidi riali mia wamletee kichwa cha Liyongo. Wakajifanya marafiki, wakala naye kikoa, na siku moja wakapanga kula makoma. Kila mtu angepanda mkoma kwa zamu aangushe matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, mishale ingemfuata. Zamu ikafika. Liyongo akainua upinde akiwa chini, akaangusha makoma ya kuwatosha wote, wala hakupanda. Wakarudi Pate mikono mitupu.

Na wamo Wapokomo, lakini kwa sura isiyopendeza sana. Katika kumbukumbu za Wapokomo wa mto wa chini, Liyongo si shujaa tu. Ni mtawala mkali aliyewatoza na kuwatesa. Hili huwezi kulikuta kwenye maswali ya mtihani, na ni vizuri ulijue. Mtu mmoja anaweza kuwa nyota kwa upande huu wa mto na mzigo kwa upande ule. Mkiulizana nyumbani, utasikia Liyongo zaidi ya mmoja.

Mkate usiotamanika

Hatimaye Pate walimpata kwa hila. Wakamtia gerezani, wakamfunga minyororo, wakaweka walinzi mlangoni. Hapa ndipo tunafika kwenye sehemu ya mpiga ngoma, kwa hivyo nenda nayo polepole.

Mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi aliyeitwa Saada. Walinzi wakafanya kile ambacho wenye vyeo vidogo hufanya kila mahali: chakula kizuri wakala wao, mabaki wakampa mfungwa. Liyongo hakupigana nao. Aliusoma ulafi wao akautumia. Kwa maneno ya wimbo, ambayo walinzi waliyasikia na wasiyaelewe, alimtuma Saada kwa mama yake: aoke mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, na katikati atie tupa.

Mkate ukafika. Walinzi wakauona, wakakunja pua, wakaupitisha. Nani ahangaike na wishwa? Liyongo akaupasua akakuta vyuma vyake ndani.

Sasa akawa na tupa, lakini tupa peke yake ni bure. Umewahi kumsikia fundi akikata chuma kwa tupa? Ule mkwaruzo mkali wa meno juu ya chuma unapenya ukuta. Usiku wa kimya, mkwaruzo wa kwanza tu ungewaamsha walinzi wote.

Habari zikamfikia kwamba angeuawa, na kama ilivyo desturi akaulizwa haja yake ya mwisho. Hakuomba chakula wala msamaha. Aliomba ngoma. Gungu lichezwe nje ya gereza, watu wa mji waje, na vyombo viletwe: ngoma, pembe, upatu na matoazi. Yeye angeimba kutoka ndani nao wangeitikia.

Nani angekataa? Msanii mkubwa kuliko wote anatoa shoo ya mwisho, tena bure. Mji ukajaa. Liyongo akawafundisha jinsi ya kupiga na wapi pa kuitikia. Vyombo vikipanda, anakata mnyororo. Vikishuka, anasimamisha tupa na kuimba. Vikipanda tena, anaendelea. Wachezaji wenyewe, bila kujua, walikuwa wanamfungulia mfungwa. Pingu zilipokatika akatoka, walinzi wakatimua mbio, naye akavuka kurudi msitu wa bara.

Kwa nini matoazi, si ngoma tu

Hapa ndipo huwa nasema aliyetunga kisa hiki alijua vyombo. Angeweza kumwombea Liyongo ngoma tupu. Isingetosha.

Sikio linashindwa kutofautisha sauti mbili pale zinapokaa kwenye kimo kimoja. Ngoma kubwa inatoa mshindo mzito wa chini, halafu inanyamaza. Mkwaruzo wa tupa uko juu, mwembamba na mkali. Ngoma ikidunda, bado ungeusikia mkwaruzo ukielea juu yake. Lakini toazi na upatu zinatoa mvumo wa juu uliojaa, unaoendelea kulia baada ya kupigwa, tena unaofanana na mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Tupa ikilia ndani ya mvumo huo inamezwa. Jaribu hata leo: mwambie rafiki akune funguo huku wewe unapiga ngoma ya mguu, kisha akune tena ukiwa unachapa toazi. Utajua kwa nini walinzi hawakushtuka.

Siri iko kwenye shaba yenyewe. Kiswahili huita shaba karibu kila kitu chekundu au cha manjano kinachong'aa, lakini ndani ya jina hilo kuna ndugu kadhaa. Shaba nyekundu ikiwa peke yake ni laini. Unaipinda kwa mkono, na ukiigonga haiimbi sana. Ukiichanganya na bati inakuwa ngumu na inapata sauti. Matoazi bora ya leo yana takriban sehemu 80 za shaba na 20 za bati katika kila 100. Ukizidisha bati, sahani inapasuka kama kigae.

Ukibahatika siku moja kutembelea kiwanda cha matoazi, maana wapenzi wa dramu huenda huko kama watu wengine wanavyoenda kutazama viwanja vya mpira, utaona jinsi kazi ilivyo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, bati kwenye 232 tu, kwa hivyo kuzichanganya ni kazi ya mkono uliozoea. Mchanganyiko unamiminwa ukawa kama mandazi mazito, unapashwa moto, unapitishwa kwenye vinu mara nyingi hadi unakuwa bapa. Halafu sahani yenye moto inatumbukizwa majini. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba yenye bati nyingi inafanya kinyume, inalainika kiasi cha kuweza kufinyangwa. Baada ya hapo ni nyundo na kuchonga mistari, na mwisho mtu mwenye sikio zuri analipiga kila toazi kabla halijatoka.

Ukoo maarufu katika kazi hiyo ni wa Zildjian. Mwarmenia Avedis alipata mchanganyiko wake Istanbul mwaka 1618, sultani akampa jina linalomaanisha mwana wa mtengeneza matoazi, na warithi wake bado wanatengeneza huko Norwell, Marekani. Siri ya mchanganyiko imekaa ndani ya familia muda wote huo. Angalia sahani za dramu yenu, huenda jina limo.

Wala usidhani shaba ilikuwa jambo geni Pwani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamehifadhi siwa mbili za kale, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, zilizopulizwa kwenye shughuli kubwa za mji. Mji uliokuwa na siwa ulijulikana kuwa ni mji. Chombo cha muziki kilikuwa kama mhuri wa serikali.

Sindano

Baada ya kutoroka, Liyongo alikuwa huru na hatari kuliko mwanzo. Pate walijaribu upanga, mishale na minyororo. Ikabaki njia moja, ile isiyohitaji silaha kali: mtu wa karibu.

Unamkumbuka yule mtoto? Alikuwa amekua, na alikuwa na nguvu za baba yake. Kuna masimulizi yanayosema alikuwa mpwa, lakini utenzi unasema mwana. Mtawala akamwita, akamwahidi cheo na binti yake wa kumwoa. Sharti lilikuwa dogo: ajue ni kitu gani kinaweza kumuua baba yake.

Kijana akaenda akauliza. Liyongo akafahamu mara moja kwamba swali halikuwa la mtoto, lilikuwa la waliomtuma. Na bado akamjibu. Akamwambia mwili wake hauingiwi na chochote isipokuwa sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Watu wamejiuliza sana kwa nini alisema. Pengine alichoka kukimbia. Pengine alitaka kuona kama mwanawe angeweza kweli. Mimi naliona hivi: mtu aliyejua kuficha maneno ndani ya wimbo mbele ya walinzi, hakutaka kumficha mtoto wake. Kwa mama na kwa Saada, kuamini kulimwokoa. Hakubadilisha tabia ilipofika zamu ya mwana.

Kijana akapewa sindano. Akamvizia baba yake usingizini, akamchoma, akakimbia.

Na ona ni shaba gani. Si ile ngumu yenye bati inayovuma mji mzima ukasikia. Ni sindano tu, kitu kidogo kisichotoa sauti. Shaba iliyomwokoa ilipigwa hadharani na umati. Iliyomuua ilifichwa kwenye kiganja cha mtu mmoja.

Liyongo akaamka na maumivu, akachukua upinde, akatoka hadi kisimani. Akapiga goti, akatia mshale, akavuta, akafa hivyohivyo. Watu walipokuja kuteka maji wakamwona amewalenga, wakarudi mbio. Siku zikapita mji hauna maji, hakuna anayethubutu kusogea. Mama yake akaletwa ambembeleze, akaimba na kuomba, naye hakujibu. Mwishowe mwili ukaanguka, ndipo wakajua kwamba muda wote huo waliogopa maiti.

Na mtoto? Hakupata cheo wala bibi harusi. Aliyemhonga alimwona ni mtu asiyefaa kuaminiwa, maana aliyemuuza baba atashindwa kumuuza nani? Akarudi kwa wajomba zake, nao wakamkataa, akafa bila heshima. Kama umewahi kuahidiwa noti na mwanasiasa ili ukamvuruge jirani yako, kipande hiki kisome mara mbili. Tana Delta ilimwaga damu mwaka 2012, majirani kwa majirani, na waliozikwa walikuwa watu wa kawaida wa vijijini.

Anachokuachia

Kaburi la Liyongo huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini, saa chache tu kwa gari ukishuka kutoka Wenje. Lakini kumbukumbu yake kubwa haiko kaburini. Iko kwenye tumbuizo na kwenye vyombo.

Na vyombo vina thamani kuliko tunavyodhani. Waulize Wapokomo kuhusu Ngadji, ngoma yao takatifu. Maafisa wa ukoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, mwaka 1908 ikatolewa kwa British Museum, London, na imekaa stoo huko zaidi ya miaka mia moja huku wazee wakidai irudi. Walinzi wa Pate walisikia matoazi wakadhani ni burudani tu. Wale maafisa hawakufanya kosa hilo: waliona ngoma, wakaona nguvu, wakaibeba.

Kwa hivyo ukikaa tena kwenye dramu, usijione mtu wa kujazia nafasi kati ya wimbo na mahubiri. Jifunze kila chombo kinafunika nini na kinaacha nini kisikike. Halafu Jumapili mchana, ukiwa na bibi au babu, mwombe akusimulie Liyongo wake. Rekodi kwa simu. Utashangaa ni kiasi gani kinatofautiana na cha kitabu, na hicho cha bibi hakina nakala nyingine popote.